Mbao za Dhoruba za Ma Lalie

Jumamosi, 6 Juni

Leo mtaa umejaribu mbao. Jumamosi ya kwanza ya Juni kila nyumba ya kijiji cha Anse Kòsòl hutoa mbao zake za dhoruba, huzipigilia madirishani kuona kama zinakaa sawa, kisha huzing'oa na kuziweka tayari kwa msimu. Mtaa wa Juu una nyumba kumi na tisa, na kila moja ina dirisha moja kubwa linalotazama bahari. Mbao za madirisha hayo ndizo zilizonileta hapa.

Kimbunga cha mwaka themanini kiliwafungia watu gizani siku mbili. Baada ya hapo Eulalie Prospere, anayeitwa hapa Ma Lalie, ambaye wakati huo alikuwa mchora mabango ya maduka ya rum, alianza kuchora upande wa ndani wa mbao hizo. Hukaa ndani ya nyumba, dirisha likiwa wazi, na kuchora kile kinachoonekana nje. Siku ya dhoruba ubao ukipigiliwa, picha inatazama ndani, na waliojifungia wanawasha taa na kuona kile kile ambacho ubao umewaziba wasikione. Kazi hiyo imemchukua miaka kumi na minane, nyumba moja baada ya nyingine.

Mwaka huu mbao ni mpya na hazina kitu. Zile zilizochorwa ziko kwenye nyumba yake ya sanaa, ghala la zamani la kakao pale chini ya mtaa, zikisubiri kwenda Castries, mji mkuu, kwenye maonyesho ya Septemba. Ma Lalie alimpa kila mtu ubao mpya badala ya wake. Mimi nimeajiriwa kuandika maisha yake kwa ajili ya kitabu cha maonyesho.

Sylvanus Polius, seremala, nyumba namba kumi na nne, alimaliza kupigilia wake, akaugonga mara mbili kwa kifundo cha kidole.

"Hii ngoma," alisema. "Mwaka huu tutacheza."

Jirani yake Ma Titin, ambaye miguu yake haimchukui tena mbali zaidi ya kibarazani, alimjibu kutoka kitini: "Wewe Sylvan, hata jeneza lako utalilalamikia."

"Langu nitalitengeneza mwenyewe, Ma Titin. Na lako pia. Kwa mbao nene."

Ma Lalie alikuwa amesimama hatua tano kutoka pale. Hakugeuka.

Jumanne, 9 Juni

Mvua tangu alfajiri. Nimekaa naye saa tatu. Ana miaka sitini na nne. Alijifunza herufi kwa kuzichora kabla ya kujua kuzisoma. Nyumba ya sanaa aliifungua mwaka themanini na sita kwa picha ndogo za ghuba, ambazo watalii wa meli wanazinunua kwa sababu zinaingia kwenye begi. Hizo anaziita mkate. Mbao hajawahi kuuza hata moja.

Alifungua droo akatoa makala yangu ya mwaka themanini na nane. Aya nne. Nilikuja na mpiga picha, nikakaa hapa nusu siku, na nikamwita "mchora madirisha". Alinisomea yote kwa sauti, karatasi ikiwa karibu kugusa pua.

"Ulikuwa na haraka, Ferdi?"

"Nilikuwa na basi la saa tisa."

"Basi la saa tisa." Akairudisha droo mahali pake.

Ndipo aliponiambia habari za macho. La kushoto limekwisha. La kulia daktari anasema limebakiza mwaka, pengine miwili. Mbao nyingine kumi na tisa hatazichora tena, na anajua. Ukumbi wa Castries ni mara ya kwanza mtu yeyote wa kisiwa hiki kumwita mchoraji bila kuongeza neno lingine mbele yake. Alisema hayo kama mtu anayetaja saa ya basi.

Jumatatu, 15 Juni

Joto. Samaki wa chumvi na ndizi mbichi kwa Ma Titin.

Jumatatu, 22 Juni

Nimepima. Nilikuwa nimeandika kwenye rasimu: "Kila nyumba ilipewa ubao mpya badala ya uliochukuliwa." Nikataka kuongeza vipimo, nikaenda na rula. Mbao za zamani zina unene wa robo tatu ya inchi. Mpya, robo inchi. Plaiwudi ya dari.

Nilimuuliza Ma Lalie alizichaguaje, bila kutaja rula. Alisema alikwenda mwenyewe Castries mwezi wa Februari, akapitisha kiganja juu ya kila ubao, akakataa wote wenye fundo au mkwaruzo. Muuzaji alimshangaa. Alizichagua kama anavyochagua ubao wa kuchorea, kwa ngozi yake. Aligusa uso wa ubao. Ukingo hakuutazama.

Sentensi yangu bado ni ya kweli. Sikumwambia kitu. Nimeajiriwa kuandika maisha yake, sikuajiriwa kukagua mbao.

Ijumaa, 10 Julai

Sylvanus anapita kwenye nyumba ya sanaa kila asubuhi akienda kazini. Hasemi habari ya asubuhi. Anaugonga ubao wake wa zamani, namba kumi na nne, uliosimama karibu na mlango: koo, koo. Kisha anaondoka. Ma Lalie anaendelea na kahawa yake.

Namwona mtu wa kinyongo. Alikubali kubadilishana mbele ya mtaa mzima, na sasa anataka kila mtu ajue alikubali shingo upande.

Jumamosi, 18 Julai

Koo, koo.

Jumanne, 4 Agosti

Nimemaliza kuandika maelezo ya kila ubao. Mpiga picha wa Castries atazipiga huko huko ukumbini, lori likishazifikisha tarehe 22 Septemba. Mimi sina kamera, maisha yangu yote nimetembea na mtu aliyekuwa nayo. Kwa hiyo nimeandika kila kitu kwa namba na rangi. Nanakili mfano mmoja:

*Namba 14. Futi nne kwa tano na nusu. Ghuba, mashua tatu, moja nyekundu. Kushoto, mshelisheli. Mbele, ngazi saba za mawe. Mwanamke wa makamo, gauni la bluu, beseni kichwani, anashuka. Uso umegeuzwa nusu.*

Nilimuuliza Ma Lalie mwanamke huyo ni nani. "Mpita njia," alisema. Nikaandika: mpita njia.

Jumatano, 19 Agosti

Dhoruba ndogo ilipita kaskazini, maili tisini kutoka hapa. Mtaa ulipigilia mbao kwa tahadhari. Upepo haukufika hata maili arobaini kwa saa, lakini mbao mpya zote kumi na tisa zililia. Nilisimama katikati ya mtaa nikisikiliza. Zilikuwa zinavuta pumzi: ndani, nje.

Ma Titin aliniita kutoka mlangoni. "Mwandishi, wewe uliyesoma. Hii nyumba yangu inakohoa au ni mimi?"

Nikamwambia ni upepo tu. Nimefanya kazi ya habari miaka thelathini na moja, na hilo ni jibu ambalo nisingelikubali kutoka kwa ofisa yeyote wa serikali.

Jumanne, 1 Septemba

Miss Thecla Augustin amekuja kutoka Castries, yeye ndiye msimamizi wa maonyesho. Mwanamke mwenye adabu, viatu visivyofaa kwa kilima hiki. Mbao zimewekwa kwenye makasha matano na kila kasha likabandikwa mihuri minne ya karatasi. Alieleza polepole, na Ma Lalie akatia sahihi: kuanzia leo picha zina bima. Muhuri ukikatwa kabla ya Castries, bima imekwisha, na bila bima ukumbi hauwezi kuzipokea.

"Hata mimi siruhusiwi kuzitazama?" Ma Lalie aliuliza.

"Hata wewe, Ma Lalie. Siku ishirini na moja tu."

Sylvanus alikuwa mlangoni, kofia mkononi. "Na upepo nao umetia sahihi, Miss?"

Miss Thecla alicheka kwa heshima. Hakuna mwingine aliyecheka.

Jumapili, 6 Septemba

Bahari shwari kupita kiasi. Padri ameomba tuepushwe, kama kila Jumapili ya msimu.

Jumamosi, 12 Septemba

Zimebaki siku kumi. Sylvanus sasa anagonga kasha. Koo, koo.

Alhamisi, 17 Septemba

Redio saa sita mchana: kimbunga kiko maili mia tatu na themanini mashariki, kinakuja kwetu moja kwa moja, upepo maili mia na kumi. Watu wamelijaza duka kununua mishumaa na biskuti. Hakuna plaiwudi Anse Kòsòl, wala Dennery, mji wa jirani. Nimepiga simu tatu Castries. Hakuna.

Ma Lalie ameketi juu ya kasha namba mbili, fimbo magotini. Nilipompa habari za redio alisema, "Huwa vinageuka."

Ijumaa, 18 Septemba

Naandika saa kumi na mbili jioni na sitakuwa na nafasi baadaye, kwa hiyo yote kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi redio ilisema hakijageuka. Saa nne mtaa ulianza kupigilia zile mbao nyembamba. Saa tano Sylvanus alikuja kwenye nyumba ya sanaa na wenzake wanne, na nyundo zao. Hawakuingia. Alisimama kizingitini.

"Ma Lalie."

"Sylvan."

"Sikuja kugombana."

"Basi weka nyundo chini."

Aliiweka chini. "Nimejenga nyumba kumi na moja za mtaa huu. Najua madirisha yake. Ile karatasi uliyotugawia itapasuka mara ya kwanza upepo ukiisukuma. Upepo ukishaingia ndani, paa linaondoka. Ma Titin hawezi kukimbia."

"Muhuri ukikatwa nimekwisha, Sylvan. Unajua hilo?"

"Najua."

"Miaka kumi na minane. Na jicho hili moja."

"Najua, mama. Ndiyo maana sikukata usiku ukiwa umelala. Nimekuja mchana kukuomba."

Hapo nilisema nilichopaswa kusema mwezi wa Juni. Nikamwambia Ma Lalie nimezipima mbao, kwamba ni robo inchi, na kwamba nilijua tangu tarehe ishirini na mbili.

Hakushangaa. "Wewe ulihitaji rula," alisema. "Mimi nilisikia siku ile ile Sylvan alipougonga. Ubao mzuri haulii hivyo. Nikajiambia, miezi mitatu na nusu tu. Mbao zikifika Castries nitawanunulia nene kwa malipo ya kwanza. Nikajiambia mwaka jana hakikuja kitu, mwaka juzi hakikuja. Kila asubuhi alikuwa ananigongea, na kila asubuhi nilikuwa nakunywa kahawa."

Wale wanaume wanne walitazama viatu vyao. Mimi pia.

Alisimama, akaomba kisu. Sylvanus alikuwa nacho mfukoni lakini hakukitoa. Mimi nilimpa cha kuchongea penseli. Alipapasa mpaka akaupata muhuri wa kwanza, akaukata. Alikata yote ishirini mwenyewe. Ilimchukua dakika tisa, alikataa kusaidiwa.

"Namba ziko mgongoni," alisema. "Upande wa rangi ndani. Na mtumie matundu yale yale ya misumari."

Kuanzia saa saba mpaka kumi na moja mbao zilipanda mtaa, kila moja vichwani mwa watu wawili, kuelekea dirisha lake. Kumi na nane ziko sawa. Namba kumi na tano, ya Ma Titin, ilipotolewa kasha tuliona mchwa wamekula ukingo wote wa chini. Sylvanus aliubonyeza kwa dole gumba, ukabomoka kama keki. Alichukua ubao wake, namba kumi na nne, akaupigilia kwenye dirisha la Ma Titin. Nyumba hizo mbili alizijenga mwaka mmoja kwa vipimo vimoja. Kwake aliweka mbao nyembamba nne, moja juu ya nyingine.

Nyumba ya sanaa ina vioo na paa la zamani. Ma Lalie amehamia kwa Ma Titin. Mimi pia, na Sylvanus.

Jumapili, 20 Septemba

Jana. Upepo ulianza kukua saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne hatukuweza kusikilizana bila kusogeleana. Tulikuwa wanne ndani ya chumba cha mbele, giza kabisa, taa moja ya mafuta juu ya meza. Dirisha lilikuwa linatutazama: ghuba, mashua tatu, ngazi saba, mwanamke na beseni lake. Nimeziandikia picha hizi kurasa arobaini nikiziona zimeegemezwa ukutani mchana, na sikuwa nimeona hata moja. Mwanga wa taa ulikuwa unatikisika, na bahari ya Ma Lalie ilikuwa imetulia kabisa, na sote tulikuwa tunaitazama hiyo kwa sababu ile nyingine tulikuwa tunaisikia.

Ma Titin alisema, "Ionie amekuja kunitembelea. Muda mrefu."

Nikauliza Ionie ni nani.

"Mke wa Sylvan huyu. Mwandishi mzima hujui? Miaka mitano sasa yuko makaburini."

Nilimgeukia Ma Lalie. "Uliniambia mpita njia."

"Si langu kukuambia," alijibu. "Ungemuuliza yeye."

Sikuwa nimemuuliza. Nilimpa Sylvanus ukurasa mzima wa kinyongo bila kumwuliza swali moja. Nilimuuliza hapo, nikipiga kelele sikioni mwake, kwa nini aliutoa ubao huo.

"Ma Lalie aliomba. Na Ionie alipenda Castries."

"Na kugonga kila asubuhi?"

"Mbao ni nyembamba, bwana. Nilikuwa nasema mbao ni nyembamba."

Saa tano na dakika kumi upepo ulikatika ghafla. Jicho la kimbunga lilikaa juu yetu dakika ishirini na mbili. Hatukufungua. Uliporudi ulitoka upande wa kusini, chini ya mtaa. Tulisikia nyumba ya sanaa ikiondoka: kwanza vioo, kisha bati moja moja. Ma Lalie alihesabu bati kwa midomo. Kisha kitu kikaligonga dirisha letu. Ulikuwa mhimili wa paa la ghala la kakao, futi kumi na mbili, nimeuona leo. Ubao ulipasuka kwa upana. Nusu ya juu ilibaki imepigiliwa, na mashua zake. Nusu ya chini ilivutwa nje, ikaenda.

Sylvanus alikuwa amekwisha kulisogeza kabati dirishani. Tuliliegemea watu watatu, Ma Lalie na fimbo yake akiwa katikati, kwa muda wa saa moja na dakika arobaini. Ma Titin kitandani alikuwa anaimba, vibaya. Paa lilikaa.

Hesabu ya leo: Mtaa wa Juu, hakuna aliyekufa. Mapaa kumi na saba kati ya kumi na tisa yamesimama. Paa la Sylvanus ni moja ya mawili yaliyoondoka. Zile nyembamba nne hazikutosha. Ghala la kakao limebaki kuta, na picha ndogo zote zimekwenda. Mshelisheli wa kwenye picha umeng'oka. Mbao zilizochorwa zilizobaki nzima ni kumi na saba. Nusu ya chini ya namba kumi na nne tumeitafuta mpaka kwenye mikoko. Haipo.

Jumanne, 29 Septemba

Barabara imefunguliwa na Miss Thecla amefika, safari hii amevaa buti. Alitembea mtaa mzima, akatazama chumvi na matundu ya misumari. Aliigusa mihuri iliyokatwa. Ma Lalie alikuwa amemwekea yote kwenye bahasha.

"Ukumbi umepewa mtu mwingine, Ma Lalie. Nilijaribu. Labda baada ya miaka miwili."

"Wewe ni binti mzuri. Miaka miwili mimi sina."

"Ningefanya kama ulivyofanya," Miss Thecla alisema.

"Hapana, usingefanya. Wewe ungeangalia ukingo wa ubao tangu mwanzo."

Walicheka kidogo, wote wawili. Baadaye nilimwona Ma Lalie nyuma ya ghala, amesimama akiutazama ukuta kwa muda mrefu. Sikwenda.

Kitabu hakitachapishwa. Ile sentensi ya Juni nimeifuta hata hivyo, nikaandika mpya yenye vipimo.

Jumatano, 14 Oktoba

Mbao za msaada zimefika. Sylvanus anajenga mapaa ya watu wengine kwanza. Anaitwa kila upande. Usingizi wake ni kwa Ma Titin, sakafuni. Ma Titin anasema anakoroma kwa Kikreoli.

Jumamosi, 7 Novemba

Msimu unakaribia kwisha. Sylvanus amemaliza paa lake na leo amepachika dirisha la mbele. Saa tatu alishuka mpaka kwenye ghala akiwa na ubao kichwani, futi nne kwa tano na nusu. Ma Lalie alipitisha kiganja juu ya uso wa ubao, kisha akaushika ukingo kwa vidole viwili, akaubana.

"Robo tatu," alisema.

"Robo tatu."

Tulimpeleka kwa Sylvanus, akakaa kwenye kiti mbele ya dirisha lililo wazi. Nje hakuna mshelisheli. Ngazi zimebaki nne. Nilidhani atachora hivyo ilivyo, kwa kuwa ndivyo anavyofanya siku zote. Aliitazama ghuba robo saa, jicho moja limefumbwa.

"Ferdi. Ulichoandika kuhusu ule wa kwanza, unacho?"

Nilikuwa nacho. Nikamsomea. Mashua tatu, moja nyekundu. Kushoto, mshelisheli. Ngazi saba za mawe. Alichora akiwa ameukaribia ubao mpaka rangi ikamgusa pua. Kufikia saa nane alikuwa na bahari na ngazi. Nikasoma: mwanamke wa makamo, gauni la bluu, beseni kichwani, anashuka.

"Mguu gani mbele?"

Nikatazama daftari. Nilikuwa nimeandika idadi ya ngazi, rangi ya mashua, vipimo vya ubao. Mguu sikuandika.

"Sina," nilisema.

Brashi ilikuwa imesimama hewani. Sylvanus alikuwa nyuma yetu, mgongo ukutani, mikono mifukoni.

"Wa kulia," alisema. "Na usimchore anatembea, Ma Lalie. Ionie alikuwa hatembei kwenye zile ngazi. Kila siku alikuwa na haraka."

Nimeliandika hilo. Ma Lalie alichovya brashi na kuanza na mguu.